Mbwa Anayelala Zizini

Tarbaj, Wajir

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Mama, nashika miguu yako kwa heshima zote, na lau ningekuwa karibu ningeikanda kabisa, maana Salma ameniambia goti limeanza tena kukusumbua. Umeacha kupanda ngazi za kwa Bi Rehema, au bado unajifanya msichana? Na baba je, kifua kimetulia? Mwambie asilale dirisha wazi na upepo huu wa kusi. Mimi mwanenu ni mzima, alhamdulillahi. Nimekonda kidogo lakini si kwa ugonjwa, ni kwa jua na kutembea. Maji ya kisima hapa yana chumvi hata sabuni haitoi povu, na nywele zangu zimekuwa kama katani. Hayo ndiyo mashaka yangu makubwa ya mwili.

Barua hii anakuletea Mwalimu Kazungu, tunayefundisha naye, anashuka pwani kwa likizo. Mkaribishe chai. Nimeamua kuandika kwa sababu ya ile simu yetu. Uliniuliza, "Rukia, ni kweli unafuga mbwa?" Nikasema, "Mama, si wangu, ni wa..." na mtandao ukakatika. Ukapiga tena, nikasikia neno moja tu, "uhamisho," kisha kimya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuwazia umekaa barazani na ile picha niliyomtumia Salma, unaikuza kwa vidole kuona kama kweli ni mbwa anayesimama karibu na kanga yako uliyonipa. Ni mbwa, mama. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kisha mwishoni nina ombi.

Unamjua Ayeyo Barwako kwa sauti tu, yule bibi anayekusalimu kwenye simu kwa kupiga makelele kana kwamba Malindi ni ng'ambo ya bonde. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na hapa kila mtu humwita hivyo. Ni mjane. Chumba ninachokaa ni cha kwake, ua ni mmoja, na nyuma ya ua kuna zizi la miiba lenye mbuzi wake. Mbuzi hao ndio maisha yake. Anawajua kwa mlio. Mwanawe Abdi ana duka Wajir mjini na ana nyumba ya mawe, na kila akija huimba wimbo ule ule: auze mbuzi, ahamie mjini, apumzike.

Nilipofika hapa, duma walikuwa wanawamaliza. Usishtuke, duma hawana haja na binadamu. Huja mchana, mbuzi wakiwa malishoni, na hupenda watoto wao. Ayeyo alikuwa anatoka na watoto wa mbuzi asubuhi, jioni anarudi na pengo. Hakulia hata siku moja mbele yangu, lakini nilimsikia akiwaita waliokosekana kwa majina yao, kama mtu anayesahihisha hesabu. Abdi akamwambia, "Hooyo, mvua ya masika ikipita na bado wanaliwa, nitaleta lori nichukue wote." Hooyo ni mama. Walizungumza Kisomali, nami siku hizi nakifahamu vya kutosha kuteseka nacho.

Basi siku moja lori la mifugo likamgonga jike la mbwa pale barabarani karibu na soko. Mbwa wa hapa wengi si wa mtu, wanaishi kwa mabaki ya machinjioni. Ayeyo alipita, akaona kijibwa kimoja kinamnyonya mama aliyekwisha kufa. Akakitia ndani ya gunia akaja nacho nyumbani. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari mlangoni. Akaniita. Kiswahili chake ni cha sokoni, kila p kwake ni b na kila v ni f, nami nakuandikia alivyosema, umsikie.

"Mwalimu, njoo. Mikono yangu natetemeka. Shika hii, weka chini ya mbuzi."

Nikachungulia guniani. Mama, nilirudi nyuma hadi ukutani. Unajua mlivyonilea. Mbwa akipita kichochoroni, mimi nilikuwa nakunja buibui na kuomba Mungu. Nikamwambia, "Ayeyo, mimi siwezi. Ni najisi."

"Mate yake najisi, ndio. Wewe nani nakwambia ulambwe? Shika haba kwa shingo."

Niliingia ndani nikavaa soksi mikononi. Alicheka hadi akakaa chini. Lakini nilikishika. Kilikuwa cha kike, chepesi kama mkate, kimekauka pua, masikio makubwa kuliko kichwa, ndiyo maana akakipa jina Dhego, yaani masikio. Kulikuwa na mbuzi mweupe aliyezaa siku chache nyuma. Ayeyo akamkamua, akampaka Dhego yale maziwa mwili mzima, kisha akaniambia nimsogeze. Mbuzi alimnusa, akapiga kwato, nami nikataka kukimbia.

"Bila kuogoba," Ayeyo alisema. "Wewe naogoba, mbuzi nasikia, yeye bia naogoba."

Nikatuliza pumzi. Mbuzi akamnusa tena, akamlamba mgongoni mara moja, akatazama kando. Kijibwa kikanyonya.

Jioni ile nilikwenda kwa maalim wa madrasa, kwa sababu roho yangu haikutulia, na kwa sababu nilijua utaniuliza. Nikamweleza yote, pamoja na soksi. Hakunicheka. Alisema mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa yake katika dini, mradi asilale ndani ya nyumba wala asifanywe pambo. Akilamba chombo au nguo, nioshe kama nilivyofundishwa. "Baba yangu alikuwa nao," akasema. "Sisi wa leo ndio tumesahau kuwafundisha, kisha tunawalaumu." Kwa hiyo mama, Dhego hajavuka kizingiti changu hata siku moja. Malaika wako wasioingia penye mbwa wana nafasi yao.

Sasa nikwambie alivyofundishwa, maana ni elimu ambayo chuo cha ualimu hakikunipa. Babake Ayeyo alikuwa na mbwa waliokaa na mbuzi, na yeye aliona hayo utotoni. Yote yanasimama juu ya jambo moja: mbwa akue akidhani mbuzi ndio jamaa zake. Alale zizini. Ale zizini, si jikoni. Watu wasicheze naye. Ukimkuta nje ya zizi peke yake, unasema "Riyo!" yaani mbuzi, na unamrudisha. Hakuna kumpakata, hakuna kumpa vipande vya anjera, mkate wao laini, hakuna kumwita kwa mluzi. Miezi ile magoti ya Ayeyo yalikuwa mabaya kama lako, hayakunjiki, basi aliyekuwa anaingia zizini kwa kuinama ni mimi. Mimi ndiye nilimpelekea uji wake asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule.

Na hapo ndipo tabu ilipoanza, maana Dhego alianza kunipenda. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kusikiliza kama amenisikia ninapofungua lango la ua. Soksi nilikwisha kuziacha zamani. Jioni alikuwa anapenya kwenye miiba, anakuja kulala nje ya mlango wangu, anapiga mkia chini taratibu. Ilibidi nitoke nimfukuze. Mara nyingine neno halikutosha, nikachota vumbi nikamrushia. Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Nikimaliza nafunga mlango, chakula hakipandi.

Nilimwambia Ayeyo, "Mimi naona namtesa."

Akanijibu, "Mbwa hii akijua wewe ndio mama yake, atalala kwa mlango yako. Mbuzi yangu, nani atalala nao? Mbende, Mwalimu. Lakini mbende kwa mbali."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Niliwaza nyie, mama. Mlinipeleka stendi, baba akashika begi langu hadi dakika ya mwisho, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema nisiende.

Dhego akakua haraka, miguu mirefu, akili bado. Mbwa wa umri ule ni kama wanafunzi wangu wa darasa la saba. Alianza kuwakimbiza watoto wa mbuzi, anawashika masikio, anawaangusha, anadhani wote wanafurahi. Siku moja akamwangusha mtoto wa yule mbuzi mweupe aliyemnyonyesha, mguu ukavunjika. Abdi alikuwepo, alikuja na unga na sukari. Alisikia mlio, akatoka, akaona. Akachukua kamba kwenye gari, akamfunga Dhego shingoni, akaanza kumvuta kuelekea vichakani. Nilijua anakompeleka. Nikasimama pale na chaki bado vidoleni.

Ayeyo alitoka jikoni, akaenda akaketi chini mbele yake, katikati ya njia, miguu ameinyoosha, wakabishana kwa Kisomali.

"Hooyo, ondoka. Huyu ni duma mwingine, tofauti yake tunamlisha."

"Wewe ulipokuwa mdogo ulimrushia ngamia wa baba yako jiwe, akapofuka jicho. Nilikufunga kamba?"

"Mimi ni mtu."

"Hukuwa mtu bado. Ulikuwa unajifunza." Akanyoosha mkono. "Nipe kamba."

Abdi ni mwana mwema, nisikufiche. Jasho likimtoka, akampa kamba. Lakini akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Mbaka mvua ibite. Baada ya habo lori nakuja."

Mguu wa yule mtoto wa mbuzi tuliufunga kwa vijiti na vitambaa, ukapona, ingawa anachechemea. Kwa Dhego, Ayeyo alikata mti wa urefu wa mkono, akautundika kwa kamba shingoni mwake, uning'inie mbele ya magoti. Akitembea taratibu, haumsumbui. Akikimbia, unampiga miguuni. Aliuvaa hadi mbio zile zikamtoka. Na kila akilala katikati ya mbuzi kwa utulivu, mimi nilikuwa napita na kusema neno moja tu la sifa, kwa sauti ya chini, bila kumgusa. Ayeyo alisema hilo linatosha, na kweli lilitosha. Masikio yale yalikuwa yanageuka kunifuata mpaka nitoweke.

Nilimkumbatia siku moja tu. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Wajir mjini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Dhego hakumjua, akaonyesha meno. Daktari akauliza, "Nani atamshika?" Watu wakaangalia juu. Ayeyo akaniambia, "Leo nimeruhusu." Nikapiga magoti vumbini nikamzungushia mikono yote miwili. Alikuwa anatetemeka, moyo wake unanidunda kifuani, na alipochomwa alificha uso ndani ya mtandio wangu. Daktari alimaliza zamani, mimi bado nimemshika. Ayeyo hakunihimiza. Baadaye alinimiminia maji yeye mwenyewe, nikaosha mikono mara saba na mchanga, kwa mtungi wa maji ambayo tungeyatumia kwa kutwa nzima, na hakulalamika.

Masika yakaja, mama, lakini yalikuwa kama mtu anayepita kusalimu tu. Manyunyu, kisha jua. Jumamosi moja sina shule nikaenda na Ayeyo malishoni, upande wa silanga, lile bwawa la kukinga mvua, ambalo lilikuwa tope tu. Tulikaa kwenye kichuguu, ananieleza habari za harusi yake. Dhego alikuwa amelala katikati ya mbuzi, kidevu juu ya miguu. Ghafla akasimama. Hakubweka. Alisimama tu, masikio mbele. Ayeyo akakatiza hadithi.

Duma alitoka kwenye vichaka akiwa chini kabisa, kama kivuli cha wingu. Mimi nilimwona alipokuwa amekwisha kuwa karibu mno. Mbuzi wakashtuka, wakatawanyika, na yule mtoto anayechechemea akabaki nyuma. Dhego alikwenda. Hakuenda kwa mbio za kichaa, alikwenda moja kwa moja akasimama baina ya duma na yule mtoto, na hapo ndipo alipobweka, sauti ambayo sikujua anayo. Duma akasimama. Akatoa meno, akapiga ardhi kwa mikono. Dhego hakurudi hatua. Mimi nilikuwa nimeshika jiwe na sikumbuki nililiokota wapi.

Kisha Ayeyo akapiga ukelele, "Wa bili!" Duma mwingine alikuwa anatoka upande wa silanga, kimya, kwa wale watoto wengine. Nikawaza, sasa basi, atamfukuza huyu wa kwanza na huku nyuma kutakuwa tupu. Mbwa gani huacha adui aliye mbele yake? Lakini Dhego alimwacha. Akageuka, akawazunguka mbuzi wote kwa mduara akibweka, akiwasukuma kwa bega hadi wakawa kundi moja, na yeye nje yao. Kila duma alipojaribu mwanya, alimkuta. Sisi nasi tukaja na mawe na makelele. Duma hapendi ubishi, anaogopa kuumia mguu, maana mguu ndio riziki yake. Walitutazama kidogo, wakaondoka kwa kutembea, kama watu waliokuta duka limefungwa.

Ayeyo aliwahesabu mbuzi kwa majina, polepole, wote wapo. Kisha akamtazama Dhego, aliyekuwa anahema huku yule mtoto anayechechemea amejibanza kwake, akacheka mpaka machozi.

"Huyu si mbwa tena, Mwalimu. Huyu ni mbuzi yangu yenye meno."

Abdi alipokuja alipewa habari na kila mtu sokoni kabla hajafika nyumbani. Hakuomba radhi, wanaume wa huku ni kama wa kwetu. Alisimama nje ya zizi, mikono mfukoni, akauliza, "Atazaa lini? Jirani yangu mjini nataka moja." Habari ya lori haikutajwa tena.

Lakini nyasi ziliisha, na nyasi hazibishaniwi. Zikaja habari kwamba mvua imenyesha upande wa Lafey, mbali huko karibu na mpaka. Ayeyo akaamua kuhama na mbuzi pamoja na jamaa zake wenye ngamia, mpaka huku kurudi kijani. Nilijua litakuja, ndivyo wanavyoishi, lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona ni kingine. Asubuhi ile walipakia mikeka na vijiti vya nyumba juu ya ngamia. Ayeyo akanipa ufunguo wa nyumba yake, akanikumbatia. Mbuzi wakatolewa zizini, Dhego ubavuni.

Nilisimama langoni. Wakanipita. Halafu Dhego akasimama, akageuka, akaja kwangu. Akaweka kichwa chake kwenye mapaja yangu, akakibanza hapo. Mbuzi wanaendelea kwenda. Akawatazama wao, akanitazama mimi, na akaketi chini. Mama, aliketi. Ningesema "njoo" angekuja, na angekuwa wangu. Ayeyo alikuwa amesimama kule mbele, anatuangalia, na hakumwita. Aliniachia mimi.

Nikasema, "Riyo."

Hakuondoka. Nikasema tena kwa sauti ya darasani, nikanyoosha mkono. "Dhego! Riyo!"

Akainuka, akaenda. Mwanzo kwa kutembea, kisha kwa mbio, mpaka akaingia katikati ya vumbi lao na nisimtofautishe tena na mbuzi. Nililia kama nilivyolia stendi siku ile, na hapo hapo nilifurahi, sijui kama unanielewa. Nadhani unanielewa kuliko mtu yeyote.

Juzi Abdi aliwafuata huko, akapata mtandao akanipigia, akampa simu mama yake. Wamefika salama na mbuzi wote. Akaniuliza habari yangu, nikamwambia mama yangu anataka niombe uhamisho nirudi pwani. Kisha akapiga kelele zake zile: "Mwambie mama yako mimi naomba yeye. Akuache kwangu kidogo. Nikirudi nataka kuona moshi kwa nyumba yangu."

Nilimwambia jibu hilo si langu peke yangu. Ndilo ombi nililokuambia. Darasa la nane wana mitihani, na katika shule nzima walimu kutoka nje tumebaki wachache. Mimi moyo wangu unataka kukaa. Lakini ukisema nirudi nitarudi, na sitanuna. Mpe jawabu Mwalimu Kazungu kwa mdomo, au andika kwa mkono wako, wala usimwachie Salma akuandikie, anakata maneno.

Nisalimie baba sana, mwambie ile redio yake ndogo aliyonipa bado inashika stesheni. Salimu kaka Twahiri na mkewe, na mtoto wao mpya ambaye nitamkuta anatembea. Salimu Bi Rehema jirani, mpunguzie ngazi. Bibi mzaa baba mwambie namwombea kila sala, na asiambiwe habari ya mbwa mpaka nije mwenyewe. Mdogo wangu Salma mbusu, kisha mfinye kwa kusambaza picha.

Wako mtiifu, anayekupenda kwa mbali na kwa karibu,

Rukia